Zana za kutoboa kwa mkono: Urithi unaodhaniwa kuwa kuni

MGENI aingiapo katika makumbusho yoyote nchini Kenya huvutwa kwanza na ngao, mikuki, mavazi ya ngozi na vibuyu vilivyopambwa kwa shanga. Kijiti chembamba chenye ncha iliyoungua, kilicholazwa kando ya kipande cha mti chenye vishimo vyeusi, hupitwa bila kutazamwa mara ya pili.

Hata hivyo, ngao haikupata kamba ya kushikia, kibuyu hakikupata mkanda wake, wala shanga haikupata uzi, kabla ya mtu kutoboa tundu. Zana iliyofanya kazi hiyo ndiyo iliyo nyuma ya vifaa vingi ambavyo Wakenya huviita urithi wao.

Katika maeneo ya majani chai ya Kericho na Bomet, zana hizi zinatoweka kwa njia ya ajabu. Haziibwi wala haziuzwi kwa watalii. Hutupwa jikoni zikidhaniwa kuwa kuni, au hukaa katika sanduku la fundi aliyefariki mpaka zinaliwa na kutu. Makala haya yanaeleza zana hizo ni zipi, zilifanyaje kazi, zinapatikana wapi, na jinsi familia au shule inavyoweza kuzihifadhi.

Maana na aina zake

Kiswahili kina msamiati tajiri wa kazi hii. Kutoboa ni neno la jumla. Kupekecha ni kuzungusha kijiti au chuma kwa kasi huku ukikigandamiza, ama kwa viganja vya mikono au kwa uta. Kudunga ni kupenyeza kitu chenye ncha bila kukizungusha, na kuzibua ni kufungua tundu lililoziba.

Kwa kufuata tofauti hizo, zana za kutoboa zilizotumiwa Afrika Mashariki zaweza kugawanywa katika makundi manne: kijiti cha kupekechea moto, sindano nene ya ngozi, yaani maharazi, chuma kinachotiwa motoni na kuunguza tundu, na keekee, ambayo ni chombo cha seremala.

Kundi la kwanza hadi la tatu ni la kale miongoni mwa Wakipsigis na majirani zao Waokiek wa msitu wa Mau. Kundi la nne lilifika nyanda hizi za juu kutoka nje, pamoja na ubao wa msumeno, msumari na mlango wa bawaba.

Moto uliozaliwa na tundu

Chombo cha kupekechea moto kina sehemu mbili. Ya kwanza ni kijiti chembamba cha mti mgumu, ambacho Waswahili hukiita ulindi. Ya pili ni kipande cha mti laini na mkavu kinacholazwa chini na kushikiliwa kwa mguu. Kijiti husimamishwa katika kishimo kidogo na kuzungushwa kwa viganja viwili vinavyoteremka taratibu kutoka juu hadi chini, kisha hurudishwa juu upesi kabla joto halijapotea.

Msuguano huo husaga mti laini na kutoa unga mweusi. Unga hukusanyika katika mkato uliochongwa kando ya kishimo, hufuka moshi, na hatimaye hushika kaa dogo. Kaa hilo humwagwa juu ya nyasi kavu au maganda ya mti yaliyopondwa, likapulizwa hadi moto uwake. Kazi ilikuwa nyepesi zaidi kwa watu wawili waliopokezana kijiti.

Si kila siku moto ulipekechwa. Katika boma, kaa lilifunikwa kwa jivu usiku likafukuliwa asubuhi, na jirani aliyezimikiwa alikwenda kuomba moto kwa mwenzake. Waliokihitaji zaidi chombo hiki ni wachungaji, wawindaji na warina asali waliokaa mbali na nyumba. Mrina asali hawezi kuukabili mzinga bila moshi.

Kiberiti cha dukani kilipoenea, kijiti hiki kilikuwa cha kwanza kuachwa. Ndiyo maana ni nadra kukutwa katika nyumba za leo kuliko mkuki au kigoda, ingawa zamani kilikuwa kifaa cha kawaida kabisa.

Maharazi, ngozi na kibuyu

Kabla ya nguo za pamba, mavazi ya Wakipsigis yalikuwa ya ngozi za mbuzi, ndama na wanyama wa mwituni. Ngozi haitoboleki vizuri kwa kupekecha, kwani hujikunja na kuzunguka pamoja na chuma. Hudungwa. Maharazi, kipande cha chuma chenye ncha kali kilichotiwa mpini wa mti, kilitangulia kufungua njia, kisha uzi wa mshipa wa mnyama ukapitishwa.

Zana hiyo hiyo ilitumiwa katika ukarabati wa vibuyu. Kibuyu cha maziwa, ambacho Wakipsigis hukiita sotet, ni chombo chenye thamani kubwa nyumbani. Ndani yake hutengenezwa mursik, maziwa yaliyogandishwa ambayo Wakenya wengi huyajua kwa sababu wanariadha wanaorejea na ushindi hunyweshwa uwanjani wa ndege. Kibuyu husuguliwa ndani kwa kijiti cha mti wa senetwet kilichochomwa hadi kuwa kaa, na husafishwa kwa ufagio mrefu uitwao sosiot.

Kibuyu kilichopasuka hakikutupwa. Matundu madogo yalitobolewa kwa jozi pande zote mbili za ufa, kisha ukashonwa kama jeraha. Kutoboa ganda la kibuyu kikavu kunahitaji mkono mtulivu, kwa sababu nguvu ikizidi kidogo ufa huendelea mbele. Kibuyu chenye mshono ni ushahidi wa mikono miwili: ya aliyekitengeneza na ya aliyekiokoa. Wakusanyaji wengi hukikataa wakitafuta kilicho kizima, ilhali kilichoshonwa ndicho chenye mengi ya kusimulia.

Chuma cha moto

Njia ya tatu ni kuunguza. Chuma chenye ncha hutiwa motoni hadi kiwe chekundu, kisha hugandamizwa juu ya mti, pembe au kibuyu. Tundu hupatikana bila kupasua, na ukingo wake hubaki mweusi na mgumu.

Chuma hicho kilitoka kwa mhunzi, ambaye Wakalenjin humwita kitongindet. Mhunzi ndiye aliyetengeneza mikuki, vichwa vya mishale, majembe, visu, bangili na vyuma vya kutobolea, akitumia mivukuto ya ngozi na makaa. Vyuma vya kutobolea vilikuwa vidogo na havikuwa na urembo, kwa hiyo vingi vimepotea, au vilifuliwa upya vikafanywa kitu kingine.

Ni vyema kueleza pia kile ambacho hakikutobolewa. Vigoda vya Wakipsigis vilichongwa kutoka kipande kimoja cha mti, miguu na kikalio pamoja, kwa shoka na tezo. Vishimo vya mchezo wa kechuiek, ambao ni ndugu wa bao, vilichimbwa wala havikupekechwa. Mizinga ya nyuki ilitengenezwa kwa gogo lililofukuliwa ndani. Fundi anayechonga kutoka kipande kimoja hahitaji kuunganisha ubao na ubao, na hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya zana za kutobolea za eneo hili kubaki ndogo na nyepesi.

Keekee ya pwani na ya reli

Hali ilikuwa tofauti pwani. Mafundi wa Lamu, Mombasa na Unguja waliunda majahazi na milango ya nakshi, na kazi hiyo haiwezekani bila matundu mengi yaliyo sawasawa. Jahazi la kale la mtepe halikupigwa misumari kuunganisha mbao zake. Mbao zilitobolewa kandokando, zikashonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, kisha matundu yakazibwa yasivuje. Chombo kimoja kilihitaji mamia ya matundu.

Keekee ya pwani ina sehemu zilizopewa majina yake. Keekee yenyewe ni ufito wa chuma wenye ncha. Msukano ni mti wa mviringo uliotiwa chuma hicho. Jivu ni kishikio cha juu ambacho fundi hukikandamiza kwa mkono mmoja, na ndani yake msukano huzunguka. Uta, ambao kamba yake huzungushwa juu ya msukano, huvutwa mbele na nyuma kwa mkono wa pili.

Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901 baada ya kupita Londiani, Lumbwa, ambayo ndiyo Kipkelion ya leo, na Fort Ternan. Reli iliwaleta mafundi kutoka Bara Hindi pamoja na masanduku yao ya zana. Baadaye zikaja keekee za chuma kutoka Ulaya: ile yenye mpini uliopinda, ambayo fundi huisukuma kwa kifua na kuizungusha kwa mkono, na ile ndogo yenye gurudumu la meno.

Kilimo cha majani chai kiliharakisha mabadiliko hayo. Mche wa kwanza wa chai nchini Kenya ulipandwa Limuru mwaka 1903, lakini mashamba makubwa ya kibiashara yalianza Kericho katika miaka ya 1920. Mashamba yalihitaji viwanda, madaraja, nyumba za wafanyakazi na samani. Shule za wakati huo, zikiwemo za misheni na za serikali, zilitilia mkazo kazi za mikono, na useremala ukawa mojawapo ya ujuzi uliofundishwa vijana wa Kiafrika.

Hivyo basi, keekee ya chuma ya babu aliyekuwa seremala wa kampuni ya majani chai ni urithi sawa na kijiti cha moto cha baba yake. Moja inaeleza maisha ya boma, nyingine inaeleza jinsi mwenye boma alivyoingia katika kazi ya mshahara.

Ushahidi wa kale

Kutoboa kwa mkono si jambo la miaka mia moja au mia mbili. Katika pango la Panga ya Saidi, Kaunti ya Kilifi, watafiti walipata ushanga wa kombe uliokadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 60,000. Katika Enkapune ya Muto, kwenye mteremko wa Mau unaoelekea Naivasha, zilipatikana shanga za maganda ya mayai ya mbuni za takriban miaka 40,000.

Karibu zaidi na Kericho liko Pango la Mto Njoro, ambalo Mary na Louis Leakey walilichimba mwaka 1938. Lilikuwa mahali pa kuzikia wafu waliochomwa, na umri wake unakadiriwa kuwa kama miaka 3,000. Humo mlikuwa na bakuli za mawe, mabaki ya kibuyu yaliyogeuka makaa, na shanga nyingi za mawe magumu.

Kutoboa jiwe gumu bila mashine kunadai subira isiyo na kifani. Fundi hutoboa upande mmoja hadi nusu, kisha hugeuza ushanga na kutoboa upande wa pili mpaka matundu yakutane. Ushanga mmoja uliokosewa katika hatua ya mwisho ulipasuka, na kazi yote ikawa bure.

Zinakopatikana leo

Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, ambayo chimbuko lake ni chama cha wapenda elimu ya viumbe kilichoundwa mwaka 1910, ina mkusanyiko mkubwa wa vifaa vya jamii zote nchini. Miongoni mwa makumbusho za mikoani, ile ya Kitale ilifunguliwa mwaka 1974 ikitokana na mkusanyiko wa mlowezi Hugh Stoneham, na ile ya Kabarnet ilifunguliwa mwaka 1996 katika nyumba iliyokuwa makazi ya mkuu wa wilaya. Zote mbili zina vifaa vya jamii za Bonde la Ufa.

Maandishi nayo ni hazina. Kitabu cha A. C. Hollis kuhusu Wanandi kilichapishwa mwaka 1909, na cha J. G. Peristiany kuhusu Wakipsigis mwaka 1939. Ian Orchardson, aliyeishi miongoni mwa Wakipsigis kwa miaka mingi, aliacha maandishi yaliyochapishwa mwaka 1961. Vitabu hivyo viliandikwa kwa macho ya wakati wa ukoloni, na ni vizuri visomwe pamoja na maelezo ya wazee wenyewe.

Sehemu kubwa ya vifaa iko ng'ambo. Mradi wa kimataifa wa kuorodhesha vifaa vya Kenya, ulioshirikisha Makumbusho ya Kitaifa, wasanii wa Nairobi na makumbusho za Ujerumani, ulitambua zaidi ya vifaa 32,000 vilivyomo katika taasisi za Ulaya na Marekani. Maonyesho ya mradi huo yalifanyika Nairobi mwaka 2021.

Baadhi ya vitu vimewahi kurejea. Mwaka 2006, fimbo tatu zilizochukuliwa na Richard Meinertzhagen baada ya kuuawa kwa kiongozi wa Wanandi, Koitalel arap Samoei, mwaka 1905, zilirudishwa nchini kutoka Uingereza. Aidha, nyimbo ambazo Hugh Tracey alizinasa Kapkatet mwaka 1950 zililetwa tena kwa Wakipsigis katika miaka ya 2010.

Mfano wa fimbo unafunza jambo. Kwa asiyejua, ni vipande vitatu vya mti. Kilichozipa uzito ni kwamba mwenyewe alijulikana, na siku zilipochukuliwa ilijulikana. Kifaa bila habari zake ni mti mtupu.

Habari hizo hupotea upesi watu wanapohamishwa. Wakipsigis wengi waliondolewa katika ardhi iliyogeuzwa mashamba ya walowezi, na kuanzia mwaka 1934 ukoo wa Talai ulipelekwa uhamishoni Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Anayefukuzwa huokoa watoto, mifugo na chakula. Kijiti cha moto hakimo katika orodha hiyo.

Jinsi ya kulitambua tundu

Hata zana yenyewe ikiwa imepotea, tundu hubaki likishuhudia. Mwalimu au mkusanyaji anaweza kulisoma kwa kutumia kioo cha kukuzia na tochi.

Tundu lililopana pande mbili na kubana katikati lilipekechwa kutoka pande zote mbili, na ni la kawaida katika shanga za mawe na za maganda. Tundu lenye mistari ya mviringo ndani lilitokana na chombo kinachozunguka. Lenye ukingo mweusi na mgumu liliunguzwa. Lenye ukingo ulioinuka upande mmoja, hasa katika ngozi, lilidungwa. Tundu lililonyooka kabisa, lenye upana ule ule mwanzo hadi mwisho, mara nyingi ni la keekee ya chuma au la drili ya umeme.

Maarifa haya yanasaidia pia kutofautisha kifaa cha kale na kilichotengenezwa juzi kwa ajili ya kuuzwa.

Kuhifadhi nyumbani na shuleni

Kericho na Bomet ziko katika nyanda za juu, na mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Unyevu huo unaostawisha chai ndio adui wa mti, ngozi na chuma. Hatua zifuatazo hazihitaji fedha nyingi.

Kwanza, kifaa kisioshwe kwa maji wala kupakwa vanishi au mafuta. Masizi katika kishimo cha kijiti cha moto si uchafu, bali ndiyo ithibati ya kazi yake. Vumbi liondolewe kwa brashi laini iliyo kavu.

Pili, kiwekwe juu ya rafu, mbali na sakafu na ukuta wenye unyevu. Unga mpya wa mti ukionekana chini yake, wadudu wanaopekecha mbao wameingia. Kifaa cha mti mtupu chaweza kufungwa barabara ndani ya nailoni na kuwekwa katika friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha kiachwe kipate joto kabla ya kufunguliwa.

Tatu, kipewe nambari iliyoandikwa kwa penseli kwenye kikaratasi kilichofungwa kwa uzi wa pamba, na nambari hiyo iandikwe katika daftari pamoja na picha na vipimo. Gundi na utepe visitumiwe.

Nne, na hili ndilo la maana zaidi, wazee waulizwe wakingali hai. Jina la kifaa kwa Kikipsigis ni lipi? Kilitengenezwa kwa mti gani? Nani alikitumia, na alifanya nini nacho? Mzee asipokumbuka mwaka, aulizwe kilitumiwa na watu wa rika gani, Maina, Chumo au Sawe. Marika hayo, yaitwayo ibinda, hutoa makadirio mazuri kuliko kubahatisha tarehe.

Sheria na wajibu

Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 ndiyo inayosimamia ulinzi wa vifaa vya kale nchini. Kutokana na sheria hiyo, mtu haruhusiwi kuchimbua mahali pa kale bila leseni, wala kupeleka vifaa vya aina hiyo nje ya nchi bila kibali. Anayekuta shanga au bakuli la jiwe shambani anatarajiwa kuarifu wahusika badala ya kuendelea kuchimba.

Katiba ya mwaka 2010 nayo iliziweka makumbusho na shughuli za kitamaduni miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti katika Jedwali la Nne. Kwa maana hiyo, wakazi wa Kericho na Bomet wana haki ya kuwauliza viongozi wao ni kiasi gani cha bajeti kinachotengewa kazi hiyo.

Wakati huo huo, orodha ya vitu vya kuhifadhi inaendelea kurefuka. Tangu miaka ya 2000, mashine za kuchuma majani chai zimekuwa zikichukua nafasi ya vidole na vikapu katika mashamba makubwa. Kikapu cha mchumaji, ambacho leo bado kinaning'inia nyuma ya milango ya nyumba nyingi, kiko pale kilipokuwa kijiti cha kupekechea moto siku kiberiti cha kwanza kilipoingia dukani.

Kuandika jina la mwenye kikapu na la shamba alilofanyia kazi huchukua dakika tano. Kwa kijiti cha moto, waliokuwa na majibu hayo wamebaki wachache.